Msamaha kwa waliorudi kutoka Al-Shabaab: mzazi apige ripoti kwa nani?

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa na Al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ikatangaza msamaha: kijana aliyejiunga na Al-Shabaab ajisalimishe ndani ya siku kumi. Wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Aliyetoka kuzika mwanawe anaambiwaje kwamba mwenzao wa wauaji hao atapokewa na kufundishwa kazi? Tena nani atajua kama aliyerudi ametubu au ametumwa?

Hata hivyo, mimi msamaha ule nauona kwanza kama mlango wa wazazi. Mmoja wa washambuliaji wa Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa ameshapiga ripoti kwamba kijana haonekani. Huyo ni chifu, mtu wa serikali, anayejua afisi ya kuingia, na bado mwanawe akaishia Garissa na bunduki mkononi. Sembuse mama wa Majengo asiyejuana na yeyote kituoni? Huyu alisikia jinsi maelfu walivyozolewa na polisi Eastleigh, Nairobi, Aprili 2014, wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani. Mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la Haki Africa likatoa ripoti ya visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka. Sasa anamwona mwanawe haongei na wenzake wa zamani, simu haitoki mkononi, maswali hayataki. Akisema, anaogopa kumpoteza kwa polisi. Akinyamaza, anampoteza kwa Al-Shabaab. Wengi hunyamaza, na wanaoandikisha vijana hustawi katika kimya hicho.

Polisi nao wana hoja. Taarifa ikilaliwa siku moja, watu hufa. Na aliyeua apelekwe kortini. Hilo sina ubishi nalo.

Ila Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inafanya uanachama peke yake kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 30, ilhali msamaha ulitolewa kwa tamko la waziri tu. Kijana aliyejisalimisha aliweka maisha yake kwenye neno la mdomo. Bunge liuandike msamaha huo: nani anampokea, anahojiwa siku ngapi, makosa gani hayasameheki, na mamake anaambiwa lini yuko wapi.