Upele Ambao Hakuna Aliyeuandika

Mwezi uliopita, saa tatu usiku, jirani yangu hapa Mtoni kwa Aziz Ali alinigongea mlango akiwa na mtoto begani. Mtoto wa miaka minne. Asubuhi yake alikuwa ameanzishiwa dawa ya maji iliyonunuliwa mjini, na sasa mgongo wote umejaa vipele vyekundu, mdomo wa juu umeanza kuvimba. Tukakimbilia duka la dawa la barabarani, maana ndilo lililokuwa wazi. Dada wa dukani akaumulika mgongo kwa tochi ya simu, akamwangalia mtoto mdomo, akasema, "Mama, dawa imemkataa huyu. Msinunue kitu hapa, chukueni bajaji muende hospitali sasa hivi." Hospitali mtoto alichomwa sindano, akakaa chini ya uangalizi mpaka alfajiri, na mchana wake alikuwa anakimbizana na wenzake uani.

Chupa ilitupwa. Kwenye daftari la mtoto kuna neno moja tu, "mzio". Dawa gani, ya kiwanda gani, toleo namba ngapi, hakuna.

Naanza na kisa hiki kwa sababu mijadala yetu kuhusu dawa mpya, vyakula vipya na kemikali mpya karibu yote husimama mlangoni: kiingie au kisiingie. Wako wanaosema tunaruhusu mambo haraka mno, Mwafrika anafanywa panya wa majaribio, tungoje kwanza wenye viwanda wayaonje wao. Wako wanaosema urasimu wa vibali unaua watu kimyakimya, kwamba dawa iliyokwama kwenye foleni ya makaratasi haijawahi kumponya mtu. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na tatizo ni kwamba kila upande una makaburi ya kuonyesha.

Tuwasikilize kwanza wanaotaka ukali. Mwaka 1957 Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomaidi, dawa ya usingizi ambayo wajawazito walipewa pia kwa kichefuchefu. Iliuzwa hata bila cheti cha daktari. Ilipofika Novemba 1961 ikaondolewa sokoni huko, baada ya maelfu ya watoto, zaidi ya 10,000 duniani kote kwa makadirio ya kawaida, kuzaliwa na mikono au miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Marekani haikupata kibali cha kuuzwa. Mkaguzi mmoja aliyekuwa mgeni kazini, Dk. Frances Kelsey, alikataa kuipitisha akidai ushahidi zaidi. Kampuni ilimsumbua, ikamlalamikia kwa wakubwa wake, naye hakusaini. Anayeyajua hayo hawezi kuwacheka wanaoogopa haraka.

Wala si habari za zamani tu. Mwaka 2022, Gambia, watoto wapatao 70 walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, na dawa za kikohozi zilizotoka India zikakutwa na daiethilini glaikoli, kimiminika cha viwandani ambacho humpata mgonjwa pale mtengenezaji anapotumia malighafi chafu bila kuipima. Sumu hiyohiyo iliua zaidi ya watu 100 Marekani mwaka 1937. Yaani kwa miaka 85 dunia ilijua cha kutafuta kwenye chupa, lakini Gambia haikuwa na maabara ya kukitafuta. Hapo ndipo ninapowashukuru watu wa maabara zetu. Mamlaka yetu ya dawa hapa Tanzania, wakati huo ikiitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani mfumo wake wa udhibiti ni imara, Desemba 2018. Mwaka uliofuata chakula na vipodozi vikahamishiwa shirika la viwango, TBS, nayo ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA.

Sasa upande wa pili. Mfano wao mzuri kuliko yote hautoki Ulaya, unatoka Botswana.

Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia uzazi hospitalini kule walikuta kwamba kati ya watoto 426 waliozaliwa na mama walioshika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegravir, dawa mpya ya kufubaza VVU, wanne walikuwa na kasoro za uti wa mgongo au ubongo. Kwa kawaida ungetegemea mtoto mmoja kati ya 1,000. Wakafanya walichopaswa kufanya, wakatoa taarifa mara moja. Kilichofuata ndicho cha kujadiliwa: nchi nyingi ziliwaambia wanawake wa umri wa kuzaa wabaki na dawa ya zamani, efavirenzi, ile inayowafanya wengi waote ndoto za kutisha na kuamka na kizunguzungu. Wanaume wakaendelea kupewa mpya. Julai 2018 wanawake wanaoishi na VVU kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakasema: tupeni taarifa zote, tuamue wenyewe. Mwaka mmoja baadaye hesabu ya Botswana ilikuwa watoto 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwemo. Kufikia 2022 tofauti na dawa nyingine ilikuwa imetoweka kabisa.

Je, tahadhari ile ilikuwa kosa? Nimebadilisha mawazo juu ya hili zaidi ya mara moja. Kutangaza hakukuwa kosa. Wangenyamaza na tatizo likawa la kweli, tungekuwa tunazungumzia thalidomaidi ya pili. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwaamulia wanawake watu wazima kana kwamba tumbo la uzazi ndilo mgonjwa. Tahadhari nayo ina gharama, na safari ile gharama walibebeshwa wao.

Kisa hicho kinabeba pia hesabu ambayo natamani kila mtu wa Dar aijue. Ukiwapa watu 3,000 dawa na asidhurike hata mmoja, unachoweza kusema kwa uhakika wa kutosha ni kwamba dhara halizidi mtu mmoja kati ya 1,000. Huwezi kusema zaidi ya hapo. Sasa chukua dhara linalompata mtu mmoja kati ya 10,000. Kwenye majaribio ya watu 3,000 huenda lisionekane kabisa. Sensa ya 2022 ilituhesabu Dar es Salaam 5,383,728. Sote tukiinywa dawa hiyo, watu zaidi ya 500 wataumia, na kila mmoja wao ataambiwa, kama jirani yangu alivyoambiwa, dawa imekukataa. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Hata majaribio ya makumi ya maelfu ya watu hayatafika mahali pa kuona kila kitu, na kuyarefusha kwa miaka mingine kumi hakutabadilisha jambo hilo sana.

Kuhusu panya wa majaribio, nina neno. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilianza kushughulikiwa maabara mwaka 1987 na ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Katikati hapo ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe. Kuna watu walilaani majaribio hayo. Lakini chanjo ya malaria ungeijaribu wapi, Uswisi? Mtoto wa Kizaramo anayeumwa na mbu kila usiku, mwenye lishe yetu na minyoo yetu, hana namna ya kujua kama chanjo inamfaa ila watoto kama yeye washiriki, wazazi wao wakiwa wameelezwa na kuridhia. Ubaya ni kujaribiwa kwa siri. Kuachwa nje ya majaribio, kisha ukaletewa dawa iliyopimwa kwa miili ya wengine, nao ni ubaya.

Kwenye chakula mizani ni nyingine. Mnyama wa maabara hulishwa kitu kwa viwango tofauti, kinatafutwa kile cha juu kabisa ambacho hakikumdhuru, kisha kinagawanywa kwa 100: mara kumi kwa kuwa binadamu si panya, mara kumi tena kwa kuwa binadamu hatufanani. Julai 2023 mabishano yalizuka kuhusu aspateme, ile sukari ya bandia kwenye soda zisizo na sukari. Kitengo kimoja cha Shirika la Afya Duniani kikasema huenda inaweza kusababisha saratani. Kamati nyingine ikasema kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku kinabaki vilevile, yaani mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo zaidi ya tisa kila siku kukivuka. Watu wakadhani wataalamu wanagombana. La, waliulizwa maswali mawili. Bahari ya Coco Beach inaweza kuua, hilo ni kweli. Kama itakuua wewe uliyekaa mchangani unakula mihogo ya kukaanga, hilo ni swali lingine.

Hata hivyo wanaopinga wana hoja moja nzito ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Kiwango salama kinapimwa kwa kitu kimoja kimoja, nasi hatuishi hivyo. Mtu mmoja wa mji huu anakula mchicha uliomwagiliwa maji machafu ya mto Msimbazi, anapulizia dawa ya mbu chumbani, mkewe anapaka mkorogo, mtoto wao anakunywa uji wenye karanga zilizohifadhiwa vibaya. Na tunajua vitu vinaweza kuungana: sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa karanga na nafaka, peke yake huharibu ini, lakini kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini inaongezeka mara nyingi kuliko ukijumlisha tu. Ule mgawanyo kwa 100 ni ukuta mzuri, ila ulijengwa kumtazama adui mmoja kwa wakati.

Na nimeitaja sumukuvu kwa makusudi, kwa sababu wanaoogopa kila kipya mara nyingi wanakiamini kila cha zamani. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, chakula cha babu na bibi, iliwafanya watu 68 waugue Dodoma na Manyara, 20 wakafa. Hakukuwa na kiwanda wala mzungu. Kulikuwa na mahindi yasiyokauka vizuri na ukungu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa jicho huwezi kuiona. Anayeuza unga wa lishe kwenye kibaraza Temeke hana kifaa cha kupima, na anayemnunulia mwanawe hana wa kumuuliza.

Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba nitayapita haraka. Majaribio ya Makutupora, Dodoma, yalianza 2016, Novemba 2018 serikali ikaamuru yasimamishwe. Hofu ya nani atamiliki mbegu ni hofu halali, lakini si swali la usalama wa chakula, na tulipoyachanganya tukabaki bila jibu la lolote kati ya hayo mawili.

Msimamo wangu basi ni upi? Ukali wa mlangoni ulingane na tutakachokosa kitu kisipoingia. Krimu ya kung'arisha ngozi isipoingia Kariakoo hakuna atakayekufa, kwa hiyo hiyo izuiwe kwa shaka ndogo tu, sembuse zile zinazojulikana kuwa na zebaki. Rangi ya pipi vivyo hivyo, mleta mzigo athibitishe yeye. Lakini dawa ya ugonjwa usio na dawa nyingine nzuri niko tayari ipite na ushahidi mdogo zaidi, kwa sharti moja: baada ya mlango kuwe na macho. Na macho hayo ndiyo tunayoyakosa. Botswana haikugundua wala kuondoa wasiwasi wa dolutegravir kwa ukali wa mpakani. Ilikuwa na watu wodini wanaoandika kila mtoto aliyezaliwa.

Sisi fomu ipo, ya njano, ya kuripoti madhara ya dawa. Siku mbili baada ya usiku ule nilirudi kwa dada wa dukani kumuuliza kama anayo. Akatafuta chini ya kaunta, kwenye bahasha yenye leseni na risiti, akaitoa, haijakunjuliwa hata mara moja.

"Kaka, nikiijaza hawatakuja kunifungia duka?"

Nikamwambia dawa yenyewe haikutoka kwake, na kwamba fomu inauliza habari za dawa. Hakuridhika, na sikumlaumu. Anayemtembelea kukagua leseni na anayemwomba taarifa ni serikali ileile, na hajawahi kuona mmoja akija bila mwingine. Mpaka hilo litenganishwe machoni pa watu kama yeye, fomu zitaendelea kukaa ndani ya bahasha.

Mwishowe akachukua kalamu. Umri wa mtoto, jina la dawa kama mama yake alivyolikumbuka, saa aliyopewa, saa upele ulipotokea, midomo, sindano, amepona. Kuna nafasi ya namba ya toleo, ile inayochapwa kwenye lebo ya chupa. Jirani alikuwa amesimama mlangoni na mtoto. Akasema chupa aliitupa, na gari la taka limepita jana. Tukaiacha nafasi hiyo wazi.