Si kila mtu anachangamka vilevile

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba vidonge vya anfetamini ambavyo baadhi ya vijana hapa Goma wanameza ili wasisinzie "vinampa kila mmoja furaha na ujasiri." Kila mmoja? Hapo nakupinga. Mwaka 2002 mtafiti Marco Leyton na wenzake kule Montréal, Kanada, walichapisha utafiti ambamo walipiga picha za ubongo wa wanaume wazima wa afya waliomeza dawa hiyo. Wenye tabia ya kupenda mambo mapya ndio ambao ubongo wao ulitoa dopamini nyingi zaidi, yaani kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na raha. Huo ni mwelekeo tu, kwani watu waliopimwa walikuwa wachache, na mpole naye anaweza kunaswa na dawa.

Lakini fikiria motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye tayari anapenda mbio, barabara yenyewe unaijua. Huenda yeye ndiye atakayeona kidonge ni kitamu, naye ndiye mwenye breki chache za kujizuia. Mwenye hofu ya asili huenda moyo ukamwenda mbio, asipate usingizi, kesho asitake tena. (Hata kahawa yetu ya Kivu, wengine inawatia wasiwasi.) Umewahoji wanaosifu peke yao. Waliojaribu mara moja wakaacha, mbona hukuwatafuta?