Ongeza gridi kwanza, halafu ndio useme ni msukosuko

Siku hizi kuna vijana wa kampasi hapa Nairobi wanasimuleti maji yanayozunguka huku yakipashwa joto kutoka chini, na wanatumia Python (lugha ya kuandika programu) na laptopu ya kawaida tu, hiyo inanifurahisha sana. Programu inagawa maji kwa gridi, yaani nukta nyingi zilizopangwa, halafu inapiga hesabu kwa kila nukta. Lakini kuna tabia inanisumbua. Mtu anaona rangi zimeanza kuvurugika kwa skrini, anasema tayari maji yameingia kwa msukosuko (turbulence, yaani kuvurugika bila mpangilio), anaandika ripoti. Hapana bana.

Maji yakiwa katikati ya sahani mbili ngumu na pana, joto kwanza linapita tu, maji yenyewe hayasongi. Namba ya Rayleigh, ile inayopima nguvu ya joto kusukuma maji ikilinganishwa na vitu vinavyoyazuia, ikivuka 1708 ndio yanaanza kujiviringisha, yamelala safu safu kama magogo. Ukiyazungusha yanashikika, so lazima uongeze joto zaidi ndio yaanze, mwanafizikia Chandrasekhar alipiga hizo hesabu 1953. Halafu 1969 watafiti Küppers na Lortz wakaonyesha kitu mpaka leo naona ni cha ajabu: mzunguko ukiwa na kasi ya kutosha, safu zikitokea tu hazidumu, za mwelekeo mwingine zinazimeza, na hizo pia zinamezwa, hivyo hivyo bila kuisha. Yaani vurugu iko pale pale mwanzoni.

Sasa shida ni kwamba kompyuta nayo inaweza kuzaa vurugu yake. Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, 1963 alichukua milinganyo ya maji yanayopashwa joto akaikata ikabaki 3, akapata ile keosi maarufu, vurugu ambayo tofauti ndogo mwanzoni inaifanya isitabirike. Ukirudisha vipande vya kutosha kati ya vile alivyokata, kwa joto lile lile, maji ya 2D (upana na kimo tu) yanatulia. Lorenz hakukosea, yeye alikuwa anauliza kama hali ya hewa inatabirika. Lakini gridi yenye nukta chache pia ni kukata, na wewe hujui umekata nini.

Kwa hivyo anza bila mzunguko uone kama programu yako inakupa 1708, isipokupa usiiamini na kitu kingine. Halafu ongeza nukta maradufu, punguza hatua ya muda (muda kati ya hesabu moja na inayofuata) nusu, uangalie kama vurugu inaanza pale pale. Najua ni gharama, kwa 2D kazi inakuwa mara 8, kwa 3D mara 16, na stima zetu mnazijua, so seivu kila mara. Ikikushinda, chukua sanduku dogo, yaani simuleti eneo dogo la maji. Na nyinyi walimu mnaosimamia hizi projekti, mwanafunzi akileta video moja tafadhali mwitisheni ya pili, ile ya gridi maradufu, kabla mpeane maksi.