Banda la Molo Halifai Ahero

Mfugaji wa Ahero anayenunua mtamba wa Friesian kutoka Molo humtoa mnyama huyo kwenye baridi ya nyanda za juu, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, akamshusha hadi uwanda wa Kano, ulio takriban mita 1,150, ambako jua la saa nane hupitisha nyuzi 30 za Selsiasi mara nyingi. Linalonisumbua ni kwamba wengi huiga pia banda la huko, lenye kuta zilizozibwa hadi juu na mabati yanayokaribia mgongo wa ng'ombe. Molo kuta hizo hukinga upepo unaouma; Kano humnyima mnyama upepo anaouhitaji kuliko hata unga wa kulishia ng'ombe wa maziwa.

Jua si chanzo pekee cha joto hilo. Majani yanapochachuka tumboni hutoa joto jingi, na ng'ombe mwenye maziwa mengi hula zaidi, kwa hiyo huchemka zaidi. Friesian huanza kulemewa hewa inapopita nyuzi 25 hivi, na mapema zaidi penye unyevu kama huku kwetu kando ya Ziwa Victoria, na namna yake ya kujinusuru ni kupunguza kula. Hapo maziwa hushuka, nasi tukamlaumu muuza chakula. Ukimwona anasimama muda mrefu bila kulala, anahema zaidi ya mara 60 kwa dakika na mate yanamdondoka, usikimbilie kubadilisha unga. Tazama paa kwanza.

Paa liinuliwe hadi mita 3 au zaidi, urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, na pande ziachwe wazi. Maji yakae kivulini usiku na mchana, kwa kuwa anayekamuliwa vizuri huweza kunywa lita 80 au zaidi kwa siku, na sehemu kubwa ya majani itiwe horini jioni na alfajiri. Kummwagia maji kunasaidia pale tu yanapofika kwenye ngozi na upepo unapita. Katika banda lililozibwa, huongeza unyevu tu.

Mwenye fedha za ng'ombe mmoja tu ningemshauri achague Jersey au chotara wa Sahiwal, ambaye huenda asiijaze ndoo kama Friesian wa Molo, lakini saa nane mchana bado utamkuta horini anakula.