Ramani ikisema nyumba yako ina intaneti

Mkazi wa kijijini Marekani akilalamika kwamba hapati intaneti nyumbani, huelekezwa kwenye ramani ya Tume ya Mawasiliano, FCC. Aandike anwani yake, aone kampuni zilizopo na kasi zake. Akirudi kusema kampuni hizo zimemkatalia, huonekana hajui kutafuta. Mimi naona anaonewa.

Ramani ina haki yake. Hakuna serikali inayoweza kutuma fundi nyumba kwa nyumba nchi nzima, na bila kumbukumbu moja ruzuku ingeishia kwa wenye sauti kubwa. Tangu Novemba 2022 ramani hiyo inaonyesha nyumba mojamoja, na mwananchi anaruhusiwa kuipinga. Hayo ni maendeleo ya kweli.

Lakini tukumbuke ilikotoka. Kwa miaka mingi, kampuni ikiweza kuhudumia hata nyumba moja ndani ya kipande cha sensa, kipande kizima kilihesabiwa kimefikiwa. Mjini kipande hicho ni majengo machache kati ya barabara nne. Kijijini kinaweza kumeza mashamba, msitu na kilima. Nyumba iliyo kando ya lami ina waya, zilizo nyuma ya kilima hazina chochote, na kwenye takwimu zote zimefikiwa. Madhara yake hayakubaki kwenye karatasi. Fedha za kusambaza mtandao zililenga maeneo yaliyoandikwa hayana, kwa hiyo aliyeandikwa anao alikosa huduma, kisha akakosa na ruzuku ya kumletea huduma. Hata leo ramani hujengwa juu ya taarifa ambazo kampuni zenyewe huwasilisha mara mbili kwa mwaka, na ndiyo iliyoongoza mgawo wa dola bilioni 42.45 kwa majimbo mwaka 2023. Nyumba ikiandikwa vibaya hapo, kuna fedha inayoipita.

Halafu kuna huduma kuwapo na huduma kufaa. Intaneti inayopita kwenye waya wa shaba wa simu hupungua kasi kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo. Antena ya paani inataka kuuona mnara, na miti ikijaa majani mawimbi hudhoofika. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu hufika karibu kila mahali, lakini sauti huchelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, watu wakabaki kukatizana maneno. Za chini kama Starlink, kwenye kilomita 550 hivi, zimepunguza sana tatizo hilo, mradi dishi lipate anga wazi.

Kwa hiyo jirani wa barabara ileile anayesema mtandao wake hukatika kila jioni anatoa ushahidi, na anastahili kusikilizwa kabla ya kusaini mkataba. Kampuni nayo iulizwe kwa maandishi: mtafunga lini, kwa kasi gani? Kwa masharti ya FCC, huduma inahesabiwa ipo ikiwa inaweza kufungwa ndani ya siku 10 za kazi kwa gharama ya kawaida. Ikikataa, jibu hilo lihifadhiwe na tarehe yake, kwa sababu ndilo la kuambatisha kwenye pingamizi. Kampuni hupewa siku 60 kujibu. Ningetaka mzigo uanzie kwake: ithibitishe nyumba kabla ya kuihesabu.