Nilipewa viti kabla ya majibu

Kwa miezi saba nilikuwa muumini wa safu ya mwisho. Wenye uzoefu na safu hiyo mnaijua: unaingia wimbo wa pili ukiwa umeshaanza, unatoka watu wakiwa wamefumba macho kwa baraka ya mwisho, na hapo katikati hakuna anayejua kama ulikuwepo. Sikuwa nimeacha kuamini. Nilikuwa nimehamia mji nisioujua, kazi iliyonihamisha ikaniponyoka baada ya wiki chache, na nikawa mtu anayeweza kukaa siku nne bila kuitwa jina lake na mtu yeyote. Kanisani nilikwenda kutafuta kitu nilichokiita "kusudi", kwa kuwa ndilo neno lililokuwa midomoni mwa wahubiri wote wakati ule.

Jumapili moja nilichelewa kutoroka. Mzee mmoja mwembamba akanizuia mlangoni. Hata salamu yenyewe ilikuwa ya haraka. "Kijana, mgongo wako mzima?" Nikajibu ni mzima. "Basi shika upande huo." Tukabeba viti mpaka ukumbi ukabaki mtupu. Hakuniuliza nimeokoka lini, natokea wapi, wala kwa nini napenda kukaa nyuma. Wakati wa kuagana aliniambia viti hupangwa saa moja na nusu asubuhi, na kwamba yeye na watu wa kuchelewa hawaelewani.

Nimeitafakari siku hiyo kwa miaka sasa, na nimefika mahali pa kusema jambo ambalo baadhi ya wachungaji wangu hawalipendi. Nadhani tunaanzia mwisho. Tunataka mtu kwanza aamini sawasawa, kisha apate tumaini, kisha ajue kusudi lake, na akishakamilika ndipo tumpe nafasi miongoni mwetu. Mimi nilipewa viti kwanza. Mahali pa kupaita kwetu nilipata nikiwa na viti mikononi. Tumaini lilikuja baadaye sana, na majibu ya maswali yangu mengine bado nayasubiri.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tumeizoea kama kijembe kwa mgeni asiyejua kuaga. Ila igeuze uitazame upande wa pili: aliyepewa jembe si mgeni tena. Makanisa mengi ni hodari wa zile siku mbili za kwanza. Tunamsimamisha mgeni, tunampigia makofi, tunaandika namba yake ya simu. Siku ya tatu haifiki. Mtu anakaa mwaka mzima akikaribishwa, mpaka kukaribishwa kwenyewe kunamchosha.

Najua swali linalofuata. Je, mtu apewe kazi kanisani wakati imani yake inayumba? Sisemi apewe mimbari. Nasema viti. Na nikisukumwa zaidi, nakimbilia kwa yule mwenye kupooza wa Marko sura ya 2, aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari na kumshusha na godoro lake. Marko anasema Yesu aliiona imani *yao*. Kuhusu imani ya yule mgonjwa peke yake hatuambiwi neno. Huenda alikuwa nayo tele, huenda alikuwa amelala pale akiona aibu na kutamani wamrudishe nyumbani. Zipo nyakati imani ya mtu haina miguu, na lazima ibebwe na ya wengine. Yangu ilibebwa hivyo kwa karibu mwaka mmoja, na waliokuwa wakiibeba hawakujua wamebeba nini.

Kuhusu kusudi lenyewe, sina ugomvi na neno. Nina ugomvi na umbo tulilolipa. Nimehudhuria semina za kusudi, na kila nikitoka naona ukumbi mzima umejaa akina Yusufu: kila mmoja ana ndoto, kila mmoja ana ndugu wanaomwonea wivu, kila mmoja anasubiri kiti cha Misri. Hakuna anayejiona ni mmoja wa wale waliokuwa wakipima nafaka na kufunga magunia, ingawa bila hao ile miaka 7 ya njaa ingeua watu vilevile. Tukishafundishwa kwamba kusudi ni jambo kubwa lililofichwa mahali fulani kwa ajili yangu peke yangu, tunaishi tukiona siku za kawaida kama foleni ya kungojea maisha.

Paulo, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa kukosa mafundisho mazito, anaumaliza waraka wake kwa Warumi kwa orodha ya watu. Sura ya 16 wengi wetu tunairuka, na nilikuwa nikiiruka mimi. Baada ya sura 15 za hoja nzito, mtu ambaye hajawahi hata kufika Roma anasalimu kwa majina watu zaidi ya 20. Anaanza kwa kumtambulisha Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, aliyewasaidia wengi, Paulo mwenyewe akiwemo. Wapo Priska na Akila, ambao kanisa lilikutana nyumbani mwao. Yupo Mariamu, ambaye tunaambiwa jambo moja tu, kwamba alijitaabisha sana kwa ajili yao. Yupo mama yake Rufo, na hapa Paulo anaongeza maneno ambayo kila nikiyasoma nasimama kidogo: "aliye mama yangu pia." Mtume aliyepigwa mawe, akavunjikiwa na jahazi, akalala gerezani, mahali fulani alikuwa na mama wa watu aliyemfanya mwana. Jina la huyo mama hatulijui.

Halafu karibu na mwisho anajitokeza mtu ambaye hakutarajiwa. Ni mwandishi, aliyeshika kalamu Paulo akisema. "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Tertio maana yake ni Wa Tatu. Mstari unaofuata unamtaja Kwarto, yaani Wa Nne. Wasomi wengi wanaona majina ya namba kama haya yalikuwa ya kawaida kwa watumwa na watu waliotoka utumwani. Hatuambiwi kwamba Tertio alihubiri, alisafiri au alitoa pepo. Aliandika kwa mkono alichoambiwa aandike, na waraka ule umewageuza watu kwa karibu miaka 2,000. Kwarto hata kazi yake haikutajwa. Anaitwa tu "ndugu yetu", na Paulo akaona inatosha.

Ushahidi wa nje ninaoupenda kuliko wote ulitoka kwa mtu asiyelipenda kanisa. Mnamo mwaka 112 hivi, Plinio, gavana wa Bithinia na Ponto katika Uturuki ya leo, alimwandikia mfalme Trajani wa Roma kumwuliza awafanyeje Wakristo. Anaeleza alichogundua: hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kwa kupokezana kama wamwimbiavyo mungu, huapa kutoiba, kutozini na kutokuwa wadanganyifu katika amana, kisha hukutana tena kula chakula cha kawaida. Ili apate uhakika zaidi, anasema, aliwatesa watumwa wawili wa kike waliokuwa wakiitwa wahudumu. Tazama walikuwa nani. Mbele ya sheria ya Roma walikuwa mali ya mtu, na mwili wao ungeweza kuteswa ili kuthibitisha habari tu. Ndani ya kile chumba cha alfajiri walikuwa na cheo, walikuwa na watu waliowategemea, pengine ndio waliojua nani ni mgonjwa na nani hana chakula. Plinio hakuona haja ya kuandika majina yao. Nani aliyewapa zamu wanawake wale, na aliona nini kwao ambacho gavana hakukiona?

Kwa hiyo ninaposikia mtu anatafuta kusudi, siku hizi namwuliza kwanza: yupo mtu ambaye Jumapili asipokuona atapata shida kidogo? Mimi nilipougua homa na kukosa ibada mara moja tu, yule mzee alinipigia simu jioni. Sikupewa pole. Aliniambia safu ya nne ilikaa upande, na kwamba mhubiri alionekana kama anahubiria watu walioko ndani ya basi. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikalia kidogo. Pengo langu lilikuwa limeonekana.

Tumaini ndilo gumu zaidi kuliandikia, maana ndilo tunalolitolea ahadi za uongo. Kanisa moja nililowahi kuabudu lilimtangazia dada mmoja wa kwaya kwamba mume wake amekwisha kupona, wakati mume yuko kitandani anazidi kukonda. Alipofariki, wapo waliomwambia dada yule kwamba imani yake ilikuwa na ufa. Sijui kama nimewasamehe. Yeye anasema amewasamehe. Alirudi kwaya baada ya wiki kadhaa, akasimama mahali pake sauti ya pili, na hakuimba. Alisimama tu na kitabu kimefunguliwa, Jumapili baada ya Jumapili, wenzake wa kulia na kushoto wakiimba. Baadaye aliniambia, "Waliniimbia maneno ambayo mimi nisingeweza kuyasema bila kudanganya." Hakuna aliyemwondoa mstarini. Hakuna aliyemwambia achangamke. Nadhani hilo lilikuwa tendo la kiroho kubwa kuliko mkesha wowote niliokesha.

Tuna zaburi 150, na ile ya 88 inaishia gizani. Haina "lakini", haina mstari wa mwisho wa kumtia mtu moyo. Waliokusanya zaburi waliiona, wakaiacha humo, ikaimbwa. Paulo naye anapoeleza tumaini katika Warumi 5 anaanzia kwenye dhiki. Dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti huleta tumaini, "na tumaini halitahayarishi." Neno hilo la kutahayarishwa nalipenda. Mtu aliyeahidiwa muujiza wa tarehe fulani hutahayari tarehe ikipita. Mkristo anatumaini ufufuo, na ufufuo hauna maana mpaka kwanza mtu awe amekufa kweli. Kwa hiyo tumaini hilo linaweza kukaa chumba kimoja na msiba bila kuukana.

Watu wa sayansi nao wamechungulia jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukitumia kumbukumbu za wauguzi wanawake zaidi ya 74,000 wa Marekani ulikuta kwamba waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa, katika kipindi kilichofuatiliwa, pungufu kwa 33% kuliko wasiohudhuria kabisa. Kusaidiana, kutovuta sigara, kupungua kwa sonona na kuwa na matumaini vilieleza sehemu ya tofauti hiyo. Nalitaja kwa sababu najua litawavutia wengine, ila simshauri mtu aende kanisani ili aongeze miaka. Kumtumia Mungu kama dawa ya presha kuna jambo linalonikera, na isitoshe, vikao vya kamati ya ujenzi nadhani vimenipunguzia ile miaka yote niliyoongezewa.

Na hapo ndipo rafiki yangu mmoja, ambaye aliacha kanisa, hunibana. Ananiambia: unachokisifu ni kikundi. Timu ya mpira ingekupa hayohayo, zamu, watu, na mtu wa kukupigia simu. Sehemu ya hoja yake ni kweli. Lakini timu ningeichagua, na timu ingenichagua mimi nikiwa na miguu ya kukimbia. Kanisani nimewekwa meza moja na watu ambao kwa hiari yangu nisingekaa nao hata dakika kumi: aliyenidhulumu fedha, anayenizidi elimu na kunionyesha, anayehoji kila bajeti, na mmoja ambaye siasa zake zinanitia kichefuchefu. Tunakula mkate mmoja. Kabla ya kuula tunakiri dhambi zetu kwa sauti, wote kwa maneno yaleyale, msomi na asiyesoma. Sijui timu inayoanza mazoezi hivyo.

Rafiki huyo aliumizwa, nami sitamwambia kwamba hakuumizwa. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani aliyeongoza chuo cha wachungaji huko Finkenwalde mpaka Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walipokifunga mwaka 1937, aliandika muda mfupi baadaye kwamba anayependa ndoto yake ya ushirika kuliko ushirika wenyewe huishia kuwa mharibifu wake, hata kama nia yake ni safi. Alinyongwa na Wanazi katika kambi ya mateso ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, kwa hiyo maneno hayo hakuyasema akiwa amestarehe. Lakini naona yanatumiwa vibaya yakielekezwa kwa walioumizwa, kana kwamba kosa lao ni kuota ndoto nzuri mno. Kanisa la kwanza kabisa, Matendo sura ya 6, lilikuwa na wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku kwa sababu walikuwa wa kundi linalozungumza Kiyunani. Kundi hilo likanung'unika. Hakuna mahali mitume waliposema watu wale wana roho ya manung'uniko. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wa kuusimamia mgawo, na majina ya wote 7 ni ya Kiyunani. Rafiki yangu aliponung'unika, aliundiwa kamati ya nidhamu.

Tofauti hiyo ndiyo nimekuwa nikiipigania kwenye vikao, na mara nyingi nimeshindwa.

Yule mzee mgongo wake umegoma sasa. Hukaa kwenye kiti cha pembeni saa moja na nusu na kutuelekeza kwa fimbo. Mwaka jana, baada ya kazi, nilijikaza nikamwuliza jambo lililokuwa limenikaa moyoni muda wote: mzee, siku ile uliona nini kwangu? Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote, hata ndoto ya usiku. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu.

"Viti vilikuwa vingi," akasema. "Na wewe ndiye uliyekuwa karibu na mlango."