Kitabu Kizuri, Kina Mafunzo

Wiki hii kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi umezunguka ujumbe mrefu, kichwa chake kwa herufi kubwa: UHAKIKI WA KITABU CHA WATOTO. Nikafurahi. Uhakiki wa vitabu vya watoto kwa Kiswahili ni wa kutafuta kwa tochi, na wa vitabu vya picha ndio usiseme. Nikaketi nikausoma wote. Jina la kitabu, jina la mwandishi, hadithi imesimuliwa mwanzo hadi mwisho (ahsante kwa kutumalizia utamu), kisha mafunzo: kutii wazazi, kutunza mazingira, kupenda shule, kushirikiana. Hitimisho: "Ni kitabu kizuri, kina mafunzo na picha za kuvutia. Nakipendekeza kwa kila mzazi." Chini yake vikafuata vidole gumba vya pongezi, msururu.

Picha za kuvutia! Maneno matatu kwa kitabu cha kurasa 24 ambacho kila ukurasa una picha na mistari miwili ya maandishi. Jina la mchoraji halimo. Nikarudia kusoma nikidhani limenipita. Halimo.

Kitabu chenyewe ninacho. Sitakitaja, kwa sababu ugonjwa si wake peke yake. Ni hadithi ya mtoto anayekwenda kuvua na babu yake, nikasema haya, leo tumeandikwa sisi watu wa pwani. Nikakaa barazani na watoto wa kaka yangu, mmoja wa chekechea, mwingine wa darasa la tatu. Tukafunua. Babu amesimama chomboni, mkononi ana fimbo ndefu yenye kigurudumu cha kukunjia uzi, kichwani kofia pana ya majani, miguuni mabuti ya mpira mpaka magotini. Mdogo akauliza, "Shangazi, babu fimbo ya nini?" Nikamwambia ya kuvulia. Akaguna. Huyu ni mtoto anayeshinda Sahare, huku huku Tanga ufukweni, kwa baba yake mdogo. Mshipi anaujua, nyavu anazijua, dema, ule mtego wa samaki, ameshaingiza mkono akapigwa kofi. Fimbo ya kuvulia ameiona kwenye katuni za Wazungu tu.

Tukaendelea. Maandishi yanasema upepo ulivuma kwa nguvu na mawimbi yakapanda. Kwenye picha tanga limelala, bahari shwari, babu anatabasamu. Samaki waliyempata ana rangi ya chungwa, na ana kope. Kope, jamani! Mkubwa, ambaye siku hizi anajiona mtu mzima, akasema, "Aliyechora hajaisoma hii hadithi." Akaondoka kwenda kucheza mpira.

Inawezekana kabisa hajaisoma. Mchoraji akipewa orodha badala ya hadithi, "moja, chora babu na mtoto kwenye boti, mbili, chora samaki," utapata nini zaidi ya hicho? Ndiyo maana kosa silitupi lote kwake. Nalitupa kwetu tunaojiita wahakiki, tunaopita juu ya picha kwa maneno matatu, kisha tunakaa aya nzima kwenye kutii wazazi.

Hebu fikiri mtoto anavyokaa na kitabu cha picha. Wewe mkubwa unasoma maandishi, yeye hajui kusoma, kwa hiyo anasoma picha, na anaisoma kwa makini kuliko wewe unavyosoma maneno. Kila kilichomo anakiona: mjusi ukutani, kandambili moja iliyopotea, mtu wa nyuma ambaye haongei. Mwandishi na mchoraji wanaojua kazi yao huutumia mwanya huo. Maneno yanasema, "Walimtafuta paka nyumba nzima, wasimwone." Kwenye picha mkia umechomoza chini ya tenga. Mtoto anapiga kelele, "Huyo hapo!" Anajua jambo ambalo waliomo kitabuni hawalijui, na furaha yake utaisikia nyumba ya tatu. Ukichungulia vitabu vyetu vingi, maneno yanasema Asha amevaa gauni jekundu na ameshika ndoo ya bluu, na kwenye picha yupo Asha, gauni jekundu, ndoo ya bluu. Tumeambiwa jambo moja mara mbili, tumelipa mara moja, basi tushukuru.

Kuna na suala la kufunua ukurasa. Bibi zetu hawakuwa na kitabu lakini kazi hii waliijua. Paukwa, pakawa, hadithi inakwenda mpaka fisi ananyemelea mlangoni, hapo bibi ananyamaza, anakoroga uji, anaonja, anaongeza sukari, nasi roho ziko juu. Katika kitabu, kimya hicho kinakaa pale mkono unaposhika karatasi kuigeuza. Swali linakuwa upande huu, jibu limejificha nyuma. Sasa angalia ni vitabu vingapi vinaweka mlango uliofungwa kushoto na fisi akiwa tayari ndani kulia. Sijawahi kuona uhakiki wa Kiswahili uliolisema hilo. Sijui wanaohakiki huwa wanavifunua vitabu au wanatumiwa jalada tu.

Kipimo changu ni rahisi. Naziba maandishi kwa kiganja, namwachia mtoto anisimulie kwa picha. Halafu naziba picha, nasoma maneno peke yake. Kama sikupoteza kitu popote, hicho ni kijitabu cha maneno kilichopambwa, na mhakiki aseme hivyo, aache kutuambia picha ni za kuvutia. Zinamvuta nani kwenda wapi?

Na wachoraji wapo. Nchi hii ya Tanzania imemtoa Edward Said Tingatinga, na miaka zaidi ya hamsini tangu afariki mtindo wake bado unaitwa kwa jina lake. Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa 1981. John Kilaka, anayechora kwa mtindo huo huo wa Tingatinga, vitabu vyake vya picha vimechapishwa Uswisi kwa Kijerumani na Kanada kwa Kiingereza. Pita Makorora hapa mjini ukawaulize wazazi kama wamewahi kulisikia jina hilo. Wenzetu Marekani wana nishani ya Caldecott tangu 1938, na anayevalishwa ni mchoraji wa kitabu cha watoto. Ile ya kimataifa ya Hans Christian Andersen ilianza na waandishi 1956, ikawaongeza wachoraji 1966. Sisi tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ilianza kutolewa 2023, nami niliishangilia kama kila mtu. Ni ya uandishi, jina lake limeshasema. Ya mchoraji tutaisubiri.

Tena Tanga hii tuna silikanti! Samaki wa kina kirefu, mwili wa bluu iliyokoza wenye mabakamabaka meupe, magamba mazito, wanasayansi walidhani kizazi chake kiliisha duniani zama za kale kabisa mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini 1938. Huku kwetu wavuvi wamemnasa kwenye nyavu zao za majarife, na tangu 2009 tuna hifadhi ya bahari yenye jina lake. Kama kuna kiumbe aliyeumbwa akae kwenye kitabu cha picha ni huyo. Tumeletewa wa chungwa mwenye kope.

Haya, mafunzo. Najua nitaambiwa sitaki watoto wafundishwe adabu. Sina ugomvi na maadili, na nitakubali shingo upande kwamba nasema haya katika mji wa Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, ambaye alihubiri katika karibu kila alichokiandika na bado tunamsoma kwa raha. Lakini yeye alikuwa na sentensi za kumbeba. Na hadithi tulizolelewa nazo hazikuwa na ukurasa wa mwisho ulioandikwa "Hadithi hii inatufundisha kwamba". Abunuwasi anamdanganya sultani, anakula kuku wa watu, anatoka salama, anacheka. Tulifundishwa nini pale? Tulifundishwa kwamba sultani naye hudanganyika, jambo ambalo hakuna kamati itakayoliweka kwenye orodha. Mhakiki akianza na mafunzo, mwandishi naye ataanza na mafunzo, na mtoto atakuwa ameshaelewa ukurasa wa pili kwamba anapelekwa kanisani au madrasa kwa mlango wa nyuma.

Jingine haraka: mtu akiniambia kitabu "kina maneno mepesi" nataka kujua amepimaje. Hesabu ya maneno kwa ukurasa imetoka kwa wenye lugha ya maneno mafupi. Kwetu "hawakutusubiri" ni neno moja lenye silabi saba, na mtoto aliyetoka juzi kwenye ba be bi bo bu akifika silabi ya tano keshasahau ya kwanza. Kitabu kisomwe kwa sauti, silabi zihesabiwe. Na atakayekata neno mwisho wa mstari kwa kistari katika kitabu cha darasa la kwanza apewe yeye akisome mbele ya darasa.

Pini zinazoshika kurasa pia. Hewa ya chumvi huku inazila hata mwaka haujaisha, kurasa za katikati zinatoka, kutu inabaki kwenye uso wa babu.

Rafiki yangu mmoja anayejua mambo ya uchapaji aliniambia niwe na huruma. Rangi kurasa zote ni ghali, nakala ni chache, wengine inabidi wapeleke kazi India, mwisho wa siku kitabu kinauzwa kwa bei ambayo mzazi wa Ngamiani anaigeuza kuwa unga kichwani. Tukiponda, nani atachapa? Ana hoja, nampa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza 1991 hali ilikuwa mbaya kuliko hii, na kuna watu wamekula hasara miaka yote ili watoto wapate kitu cha kusoma. Nawaheshimu. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na tembo la vitabu vya watoto limeshakuwa jepesi. Mshipi na fimbo ya kuvulia vinachorwa kwa wino ule ule. Kumuuliza mvuvi mmoja ni bure.

Sasa yule wa darasa la tatu, huyo ndiye anayeninyima usingizi. Nguvu zetu zote tumezimalizia kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, za darasa la kwanza na la pili, na kwake zimefanya kazi, mtoto anasoma mpaka matangazo ya nguzo za umeme. Vitabu vya picha sasa anavionea aibu, anaviita vya mdogo wake. Riwaya bado, maandishi madogo yanamchosha. Anachotaka ni kitabu cha sura fupi fupi, herufi kubwa kidogo, picha moja kila baada ya kurasa kadhaa, na mhusika ambaye akimpenda atamkuta tena kwenye kitabu cha pili na cha tatu. Kwa Kiingereza viko rundo. Kwa Kiswahili nazunguka, naoneshwa vya kiada, naoneshwa vya mitihani, mara naoneshwa tafsiri ambayo mhusika anakula kiamsha kinywa cha maziwa ya baridi na mahindi makavu.

Kama unakijua kimoja, sikuombi uhakiki mrefu. Niambie jina la kitabu, jina la mwandishi, jina la mchoraji, na duka linalokiuza hapa hapa Tanga. Na bei itaje hadharani, sitaki kuambiwa nije inboksi.